Treni Iliyokwama na Kibali Chake

Jioni ya leo nataka tukae pamoja kwenye stesheni ya Tabora, pale reli ya kati inapogawanyika, mkono mmoja ukienda magharibi hadi Kigoma na mwingine ukipanda kaskazini hadi Mwanza. Wajerumani walianza kuitandika reli hii Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912, ikagusa Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,250, na reli hiyo ya zamani ni njia moja. Treni ya kwenda na treni ya kurudi zinakanyaga chuma kile kile.

Basi zinapishanaje? Zinapishana stesheni, kwa sababu pale kuna njia ya pembeni. Treni moja inaingia kando, inangoja, nyingine inapita. Na kati ya stesheni na stesheni, kanuni ya msingi ya reli ya njia moja ni hii: treni haiingii mpaka ipewe kibali, na kibali cha sehemu hiyo ni kimoja tu. Katika nchi na nyakati mbalimbali kibali hicho kimekuwa fimbo ya chuma, au karatasi, au agizo la redio linaloandikwa daftarini. Umbo lake si hoja. Hoja ni kwamba ukiwa nacho wewe, mwingine hana.

Sasa nisikilize vizuri. Tuseme treni imeondoka Usoke kwenda Urambo. Katikati ya miombo, injini inakufa. Dereva anacho kibali. Urambo wanasubiri treni ifike ndipo waruhusu nyingine ije. Usoke wanataka kutuma kichwa cha treni kikaivute ile iliyokwama, lakini kichwa hakiwezi kuingia bila kibali, na kibali kiko mikononi mwa dereva aliyekwama. Mwokoaji anasubiri kibali. Kibali kinasubiri treni itoke. Treni inasubiri mwokoaji.

Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja anafuata kanuni, na kwa sababu kila mmoja anaifuata, hakuna kinachosogea. Wanaosoma kompyuta wana jina la hali hii, nami kwa Kiswahili naiita mkwamo wa kusubiriana. Nataka kuuzungumzia unavyotokea mahali ambapo hatuuoni kwa macho: ndani ya seva zinazotunza mafaili yetu, na hasa saa ile seva moja imekufa na nyingine zinajaribu kuokoa ilichoacha.

Kwa nini nalisema hili? Miaka michache iliyopita nilikuwa Tabora kwa shughuli zangu, katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Umeme ulikatika kidogo ukarudi. Seva moja kati ya tatu haikuamka. Mbili zilikuwa hai, taa zake zikiwaka kijani, feni zikivuma. Lakini hakuna faili hata moja lililofunguka. Watu walikaa kwenye mabenchi wakisubiri hati zao, akina mama wengine wametoka mbali tangu alfajiri. Nilimuuliza fundi, kijana mdogo tu, kimeharibika nini. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Hakuna kilichoharibika. Zote zinasubiriana." Mwishowe akazima kila kitu akawasha upya, na kazi ya asubuhi ile yote ikapotea. Maneno yake hayakunitoka kichwani: hakuna kilichoharibika, zote zinasubiriana.

Tuanze na jinsi seva hizo zinavyoishi. Ofisi ikitaka mafaili yake yasitegemee mashine moja, huweka seva kadhaa zinazotumia hazina moja ya diski. Kundi hilo huitwa klasta. Kila seva inaweza kusoma na kuandika moja kwa moja kwenye diski zile zile. Mifumo ya namna hiyo ni mingi. Miwili inayojulikana sana, OCFS2 na GFS2, iliingizwa katika kerneli ya Linux mwaka 2006. Seva mbili zikiandika faili moja kwa wakati mmoja, faili linavurugika, kama treni mbili kwenye sehemu moja ya reli. Kwa hiyo kuna kufuli. Anayetaka kuandika anaomba kufuli ya faili hilo, anapewa, anaandika, anaachia. Na yuko msimamizi wa kufuli, programu inayokaa kwenye seva zote, ikijua nani ameshika nini na nani anasubiri. Huyo ndiye stesheni masta wa klasta.

Zaidi ya hapo, kila seva ina daftari lake kwenye diski. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa mafaili inaandika kwanza humo: nataka kufanya hivi na hivi. Ikifa katikati ya kazi, daftari linabaki, na seva iliyo hai inaweza kulisoma na kuikamilisha kazi iliyoachwa nusu. Huko ndiko kuokoa mafaili. Na huko ndiko mkwamo unakovizia, kwa sababu marehemu amekufa akiwa ameshika kufuli.

Mwaka 1971 wataalamu watatu, Coffman, Elphick na Shoshani, waliandika makala iliyoweka wazi masharti manne ya mkwamo wa kusubiriana. Kwanza, kitu kinachotakiwa hakiwezi kutumiwa na wawili. Pili, mtu anashika alichonacho huku akisubiri kingine. Tatu, hakuna wa kumnyang'anya. Nne, kusubiri kunazunguka duara: wa kwanza anamsubiri wa pili, wa pili anamsubiri wa tatu, mpaka wa mwisho anamsubiri wa kwanza. Masharti yote manne yakitimia, mkwamo unawezekana. Ondoa moja tu, hauwezekani tena.

Watu wa Tabora, masharti hayo hayakuwa mageni kwenu. Miaka 100 kamili kabla ya makala ile, mwaka 1871, mkwamo kama huo uliifunga njia kuu ya misafara. Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ilikuwa kituo kikubwa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Hapo vilirundikana vitambaa na shanga kutoka pwani, vikisubiri kwenda ziwani, na huko Ujiji pembe za ndovu zilisubiri kuja pwani. Katikati alikaa Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyeishika barabara na kudai haki yake kwa kila msafara uliopita nchini mwake. Waarabu wa Unyanyembe walishika mali wakataka njia. Mirambo alishika njia akataka mali na heshima. Njia ni moja. Hakuna aliyekubali kuachia kwanza. Waarabu wakajaribu nguvu. Wakashindwa, na mwezi Agosti Mirambo akaja mpaka Tabora yenyewe, sehemu ya mji ikaungua, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa.

Msafiri Henry Morton Stanley alikuwa pale, Kwihara karibu na Tabora, akimtafuta msafiri mwenzake Livingstone. Alikwama takribani miezi mitatu. Alijiunga na vita vile, navyo havikumsaidia kitu. Kilichomtoa kilikuwa jambo jingine: mwezi Septemba aliiacha barabara kuu, akashuka kusini kupitia Ukonongo, akazunguka, akapanda tena kuelekea Malagarasi, na mwaka ule ule akamkuta Livingstone Ujiji. Alilivunja sharti la kwanza. Alipata njia ya pili ambayo haikuhitaji kufuli ile ile.

Naomba uishike picha hiyo ya kuzunguka kusini, maana siri ya kuokoa mafaili bila kukwama imo humo. Mwokoaji hatakiwi kusimama kwenye foleni ile ile na wale anaokwenda kuwaokoa.

Turudi kwenye seva zetu tatu. Moja imenyamaza. Jambo la kwanza kabisa si kuokoa. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba iliyonyamaza haitanyanyuka ghafla na kuendelea kuandika. Inaweza kuwa haijafa. Labda waya wa mtandao umechomoka, labda imezidiwa na kazi. Ukichukua daftari lake ukaanza kulikamilisha, nayo ikazinduka ikiamini bado ina kufuli zake, mtaandika wawili juu ya diski moja. Kwa hiyo seva zilizobaki huikatia umeme, au huifungia mlango wa hazina ya diski. Mafundi huiita hatua hiyo kuizungushia seva ua. Bila ua, hakuna kuokoa.

Watu wa reli walilijua hili zamani. Dereva aliyekwama akishaomba msaada, kanuni inamkataza kuisogeza treni, hata injini ikiwaka tena dakika tano baadaye. Akae pale pale mpaka msaada umfikie au apate idhini mpya. Wako watu njiani wanaokuja wakiamini amesimama. Na reli yetu hii inajua kinachotokea chombo kinaposogea pasipotarajiwa. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyoshindwa kushika breki ilirudi nyuma ikishuka, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Mungu awarehemu. Siwataji ili kupamba mazungumzo. Nawataja kwa sababu sheria ya kuthibitisha kwamba kilichosimama kweli kimesimama si urasimu. Imeandikwa kwa uhai wa watu.

Ua ukishawekwa, zamu ni ya kufuli. Hapa ndipo mkwamo wa treni yetu ya Urambo unarudi mzima mzima. Msimamizi wa kufuli ameamuru: kwa kuwa kuna uokoaji, hakuna kupewa kufuli mpya mpaka uokoaji uishe. Amri hiyo ni njema, kwani faili la marehemu huenda liko nusu nusu na si salama kulisoma. Lakini mwokoaji naye anahitaji kufuli, ikiwemo ya daftari la marehemu. Akiomba kama waombaji wengine, naye atasimamishwa asubiri uokoaji uishe. Na uokoaji ni yeye mwenyewe. Anajisubiri.

Dawa yake ni mlango wa mwokoaji. Katika GFS2, maombi ya kufuli yanayotokana na kazi ya uokoaji hubeba alama maalumu. Maombi ya kawaida yanazuiliwa, yenye alama yanapita. Na ili wasipite waokoaji wawili, daftari la marehemu lina kufuli yake, anaishika mmoja tu. Reli inafanya vivyo hivyo: kichwa cha treni cha uokoaji hakipewi kile kibali kilichokwama na dereva. Kinapewa idhini ya namna nyingine, inayosema wazi kwamba njia ina treni iliyosimama, nenda polepole. Mtu wa Usoke havunji kanuni. Kanuni yenyewe iliona mbali ikaweka mlango wa pili kabla ya siku ya ajali.

Mkwamo wa pili unatoka mahali ambapo wengi hawapatazami. Mwokoaji ni programu, na programu inahitaji kumbukumbu ya muda, ile RAM, ili ifanye kazi. Kumbukumbu ikiwa imejaa, mashine hutafuta nafasi kwa kuandika kwenye diski yale yaliyokuwa yanasubiri kuandikwa. Lakini kuandika huko kunahitaji kufuli ya faili, na kufuli zimesimamishwa mpaka uokoaji uishe. Ni kama umetuma kichwa cha treni kuelekea Urambo bila mafuta ya kutosha, ukitegemea kichukue mafuta kwenye mabehewa ya ile treni kinayokwenda kuivuta. Kwa hiyo waandishi wa kerneli ya Linux waliweka namna ya kuomba kumbukumbu inayosema: nitafutie nafasi, lakini usiguse mfumo wa mafaili kunitafutia. Mwokoaji anaomba kwa namna hiyo. Anaondoka na maji na chakula chake mwenyewe, kama msafara uliojua kwamba mbele hakuna kisima.

Mkwamo wa tatu unahusu yatima. Ndiyo, mafundi wenyewe huyaita mafaili yatima. Mtu mmoja amelifuta faili, lakini mwingine bado amelifungua analisoma. Katika OCFS2, mfumo hauwezi kulitupa papo hapo, kwa hiyo unaliweka kwenye saraka ya yatima mpaka msomaji wa mwisho aondoke. Seva ikifa, yatima wake wanabaki hawana wa kuwazika. Seva iliyo hai inaingia kuwasafisha. Inashika kufuli ya saraka nzima, halafu inataka kufuli ya yatima mmoja mmoja. Wakati huo huo kazi nyingine imeshika kufuli ya yatima mmoja, inamaliza kumfuta, na sasa inataka kufuli ya saraka ili ilitoe jina lake. Huyu ana saraka anataka faili. Yule ana faili anataka saraka. Duara limefungwa.

Njia ya kutoka humo ni adabu tu. Mwokoaji afungue saraka, aandike orodha ya majina, afunge, aachie kufuli. Kisha, akiwa mikono mitupu, amwendee yatima mmoja baada ya mwingine. Kama amekwisha kufutwa na mwingine, vyema, apite. Hapo umeondoa sharti la pili: hakuna tena kushika hiki huku unasubiri kile. Na pale inapobidi kushika kufuli mbili kwa pamoja, seva zote zifuate mpangilio mmoja, namba ndogo kwanza, kubwa baadaye. Wote wakipanda ngazi kwa upande mmoja, hakuna wanaokutana uso kwa uso.

Msikilizaji mmoja atasema: kwa nini taabu yote hii? Weka saa. Mtu akisubiri kupita kiasi, vunja kufuli, maisha yaendelee. Namwelewa. Aliyeona watu mabenchini anataka kazi iende. Lakini kuvunja kufuli ya mwenzako usiyejua hali yake ni kuruhusu treni ya pili iingie Usoke kwa sababu tu ya kwanza imechelewa. Ukitaka kutumia saa, itumie juu yako mwenyewe: jaribu kuchukua, ukikosa, achia vyote ulivyoshika, rudi nyuma, jaribu tena baadaye. Kurudi nyuma kwa hiari kunalivunja duara bila kumdhuru mtu. Wahenga walisema kutangulia si kufika.

Sasa nina neno kwa vijana wetu, mafundi wa Tabora, Kigoma, Shinyanga, na popote penye seva katika chumba kidogo chenye kiyoyozi kimoja. Kazi yenu haionekani mpaka siku inapokwama, na siku hiyo lawama ni zenu. Nawaomba mambo matatu. Msiweke klasta isiyo na ua. Kama mashine haiwezi kukatiwa umeme au kufungiwa hazina ya diski na wenzake, siku moja itazinduka wakati mbaya. Msitegemee seva mbili peke yake bila kura ya tatu, kwa maana mawasiliano yakikatika kila moja itadhani mwenzake ndiye aliyekufa, na hakuna wa kuamua. Na la tatu, ambalo nalipenda zaidi: chagueni siku ya utulivu, muwe na nakala ya mafaili pembeni, waambieni watumiaji mapema, kisha izimeni seva moja kwa makusudi, kwa ghafla, kazi ikiendelea. Halafu mtazame zilizobaki. Je, zinaokoa, au zinasubiriana? Zikikwama siku hiyo, mtajua bado mapema, hakuna mama kwenye benchi anayesubiri cheti cha mwanawe.

Na kwa sisi wengine tusioshika waya, liko swali moja la kubeba. Kila tunapopanga namna ya kuokoa kitu, iwe faili, iwe treni, iwe chama cha ushirika kilichokwama madeni, tujiulize kabla: kile atakachohitaji mwokoaji, je, kimeshikwa na yule anayekwenda kuokolewa? Jibu likiwa ndiyo, bado hatuna mpango wa kuokoa. Tuna foleni ndefu zaidi.

Kwenye stesheni yetu ya mfano, pale Usoke, kengele ya simu inalia. Stesheni masta hakimbii. Anafungua kitabu cha kanuni kwenye ukurasa ulioandikwa na watu waliokaa chini siku ambayo hakuna treni iliyokwama, wakajiuliza ikikwama itakuwaje. Anaandika saa. Anahakikisha dereva hatasogea. Anaandika idhini ya pili. Kichwa cha treni kinaondoka polepole kuingia miombo, kikijua hasa kinakokwenda na kitakachokikuta huko.